Mguu wa Kulia wa Paskalina

Maumivu ya Paskalina yalinifika mimi kabla hayajamfika yeye. Nayasema haya mwanzoni kabisa ili asitokee mtu wa kunihurumia, eti nilikuwa mgonjwa wa kitandani, mguu umefungwa, akili haijatulia. Mguu uliofungwa ulikuwa wa kushoto. Kilichonichoma asubuhi ya tarehe nane Mei kilikuwa mguu wa kulia, vidole vinne chini ya goti, upande wa ndani wa muundi, na mguu wangu wa kulia ulikuwa mzima na ni mzima mpaka leo ninapoandika.

Nilikuwa nimelala chali kwenye chumba cha mbele cha kliniki ya kata, pale kijijini kwetu Endamiri, dirisha liko wazi, na nilikuwa nakimbia. Ndivyo tulivyozoea kusema. Aliyekuwa barabarani hasa ni Paskalina Gwandu, kilomita saba kutoka kitandani kwangu, anapandisha ukingo wa msitu katika baridi ya Mbulu, amevaa nguo za pacha: fulana na suruali nyeusi za kubana, nyembamba kama soksi. Mimi nilivaa jozi ya pili. Paja lake lilipokaza, langu lilikaza. Alipovuta pumzi ndefu kwa ajili ya mlima, kifua changu kiliinuka bila kuniomba ruhusa. Moyo ulikuwa unapiga mia na sitini na mbili, shuka limelowa jasho, na sikuwa nimesogea hata hatua moja.

Halafu yakaja. Hatua ya kulia, kichomi. Hatua ya kushoto, hakuna kitu. Kulia tena, kichomi.

Mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe chekundu kilichokuwa pembeni ya kitanda. Ukafika. Ukakaa juu yake kama dakika moja, kisha nikaurudisha kifuani.

*

Kilichonifikisha kitandani ni upuuzi wangu mwenyewe. Katikati ya mwezi wa pili, kwenye mazoezi ya Jumamosi, niligeuka nyuma kuangalia nani nimemwacha, tabia ambayo Kocha Tluway amenikemea tangu nina miaka kumi na sita, nikatumbukia mtaroni. Muundi wa kushoto ukavunjika vipande viwili. Daktari aliuunga kwa gundi ya mfupa, akahesabu wiki kumi na tatu mbele yangu kwenye kalenda ya ukutani. Ningeruhusiwa kukimbia kwa miguu yangu tarehe kumi na saba Mei. Majaribio ya kuteua timu ya taifa ya mita elfu kumi yalikuwa Arusha, tarehe ishirini na nne.

Wiki moja. Zamani hapo ndipo ningeaga msimu. Aliyeumia alipewa mpira wa kuvuta, baiskeli ya kukanyaga papo hapo, maji ya kuogelea kama yapo, akaambiwa asikate tamaa. Mfupa ulipona, lakini moyo na mapafu vilikuwa vimeshalegea, na kuvirudisha kulikula miezi. Pacha iliondoa balaa hilo. Amri ya ubongo kwenda kwenye msuli ni umeme mdogo tu. Nguo za mkimbiaji zinausoma, nguo za mlazwa zinaurudia, zikikaza misuli ya mbele na ya nyuma kwa pamoja ili kiungo kisisogee na mfupa usibebe uzito. Sehemu iliyovunjika inarukwa. Mtu anainuka kitandani na pumzi ya mtu aliyekimbia msimu mzima.

Ila lazima awepo mtu wa kukimbia. Mjini wanafanya kwa mkataba, wakimbiaji wawili kwa zamu, siku za kupumzika zimeandikwa. Sisi tulikuwa na njia yetu. Tangu enzi za bibi zetu, mtu wa Endamiri akiugua msimu wa kilimo, majirani walimlimia. Mwenye shamba alikuwa na kazi mbili: kuwapikia, na kusema inatosha. Kabla hajasema, hakuna mwenye adabu aliyeweka jembe chini, maana kuacha bila kuambiwa ni sawa na kumwonyesha mgonjwa kwamba shida yake imekuchosha. Yalipokuja matrekta yasiyo na dereva, desturi hiyo ikabaki haina shamba. Pacha ilipofika kliniki, ikapata mahali pa kwenda.

Fundi wa mitambo ile alikuwa Elinipa, mama wa Kipare aliyeletwa na mkoa, mtu wa maneno machache na miwani inayoteremka puani. Alikuja na fomu. Palikuwa na mstari wa kujaza siku za mapumziko ya mkimbiaji. Paskalina alipouona alicheka.

"Dada, huyu ni Resti," alisema. "Shamba ni lake. Yeye ndiye atakayesema."

Mstari ukabaki mtupu. Elinipa hakupenda, nakumbuka alivyoinua miwani kuniangalia, ila fomu haikukataza. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akanieleza jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Mtu akiumwa huchechemea, alisema, na mkimbiaji akichechemea, mlazwa naye anafundishwa kuchechemea. Kwa hiyo nguo zinaziba maumivu ya mkimbiaji kuanzia kiunoni kwenda chini, na ganzi hiyo inabaki mwilini saa kumi hivi baada ya kuzivua. Maumivu yenyewe hayapotei. Yanapita kwa mlazwa, yamepunguzwa mpaka robo. Nikamuuliza kwa nini kazi hiyo wasiiachie mashine.

"Mashine inasoma msuli, haisomi mfupa," alisema Elinipa. "Na haijui uchungu wa kuchoka na uchungu wa kuvunjika vina tofauti gani. Wewe umekimbia miaka kumi na miwili, unajua. Wewe ndiye mlinzi wake. Ukisikia chochote, bonyeza."

Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli.

*

Paskalina si dada yangu wala binamu. Tulianza mbio wiki moja, shule moja. Mimi nikapata medali, yeye akapata kazi ya kuweka kasi. Mweka kasi ni yule anayetangulia kuwavutia wenzake mwendo, kisha anatoka njiani mbio zikikolea. Mita elfu kumi ni mizunguko ishirini na mitano, na yeye alikuwa anatoka wa kumi na tano. Alifanya hivyo miaka sita. Alikuwa anatania kwamba hajui mzunguko wa kumi na sita una rangi gani. Mwaka ule Kocha Tluway akaandika jina lake kwenye majaribio, akimbie mpaka mwisho, kwa ajili yake mwenyewe. Nafasi zilikuwa tatu na tulikuwa tumeshakubaliana kwamba mbili ni zetu.

Mazoezi yangu yalikuwa mazoezi yake, na kwa wiki nane za mwanzo yalimfaa. Mimi ndiye niliyeharibu. Mwezi wa nne nilianza kuona nabaki nyuma ya nilivyozoea, nikamwomba kocha aongeze milima ya mchana. Kocha alitazama namba za moyo wangu, akaona zinaruhusu, akaongeza. Hakuna aliyeuliza miguu ni ya nani. Paskalina alipoambiwa alisema sawa, akauliza saa ngapi.

Sasa rudi asubuhi ile ya tarehe nane, mkono wangu uko kifuani na kichomi kinaendelea. Nilikuwa napiga hesabu. Nikibonyeza, Elinipa anamsimamisha palepale na Paskalina anapelekwa kupigwa picha ya mfupa. Mkimbiaji mwingine hafai, kwa sababu nguo zinahitaji wiki tatu kuuzoea mwili mpya. Mimi nabaki nimelala mpaka tarehe kumi na saba, pumzi inapungua kila siku, na Arusha naenda kutazama. Nisipobonyeza, zimebaki siku tisa. Baada ya siku tisa nitakuwa nakimbia mwenyewe, na Paskalina atapumzika wiki nzima kabla ya majaribio.

Siku tisa tu, nikajiambia. Nikajiambia mengine pia. Kwamba ni msuli. Kwamba nguo zimembana. Kwamba kulala sana kunamfanya mtu asikie visivyokuwepo. Na juu ya yote, kwamba hata nikimwambia hatasimama, namjua Paska, atajikaza mpaka Arusha, kwa hiyo kumwambia ni kumtia hofu bure. Hili la mwisho nililipenda kuliko yote kwa sababu lilikuwa kama kumsifu.

Mchana alikuja kama kawaida baada ya kuoga, na chupa ya maziwa mgando kutoka kwa mama yake, akakaa kwenye kigoda cha Elinipa, akajinyoosha miguu. Ile miguu nilikuwa naijua kuliko yangu sasa. Akanimiminia kikombe.

"Umesikiaje leo?" aliuliza. Ndivyo alivyouliza kila siku, kwa sababu mlinzi anaulizwa.

"Safi," nikasema.

Akanywa maziwa yake. Akanisimulia jinsi mbwa wa mchunga ng'ombe mmoja alivyomfukuza mpaka darajani, na kwamba ile kasi iliyonishangaza kwenye kilomita ya nne haikuwa ya mazoezi, ilikuwa ya kuokoa roho. Tulicheka sana. Nilicheka kweli, na hilo nalo linanisumbua.

*

Siku zilizofuata nilijifunza kulala na jambo lile. Nilikuwa nauma kona ya mto wakati wa milima ili Elinipa asione uso. Siku ya tano alikuja na karatasi mkononi, akasema moyo wangu unapiga mapigo sita zaidi kwa dakika kuliko wa Paskalina kwenye sehemu za mteremko, na haikuwa hivyo zamani. Aliniuliza kama kuna kitu. Nikamwambia nina wasiwasi wa majaribio. Ilikuwa kweli, na nilifurahi kwamba ilikuwa kweli, maana ilinisaidia kumtazama machoni. Akaandika neno wasiwasi akaondoka.

Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Jumapili hatukuvaa nguo za pacha, kwa hiyo ganzi ya Jumamosi ilikuwa imeshamtoka. Paskalina alipitia kliniki akitoka kanisani, amevaa kitenge kipya cha kijani, na badala ya kukaa alisimama mlangoni ameinua pindo kidogo, anabonyeza muundi wa kulia kwa kidole gumba. Nilijua atabonyeza wapi kabla hajafika. Vidole vinne chini ya goti, upande wa ndani.

"Resti, hapa nasikia kama kuna kitu," alisema. "Usiku kilinigusa, na sasa hivi tena wakati wa kupiga magoti. Wewe hukusikia chochote wiki hii?"

Nilikuwa na nafasi yangu pale. Sikuzote watu wanasema hawakupata nafasi. Mimi niliipata, ilikuja kwa miguu yake, imevaa kitenge, ikaniuliza kwa Kiswahili cha kueleweka.

"Sijasikia kitu," nikasema. "Ni ganzi hiyo inavyotoka. Elinipa alisema huwa inaacha vichomi."

Elinipa hakuwahi kusema hivyo. Paskalina akashusha pindo la kitenge, na uso wake ukafunguka kabisa.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani ni mfupa."

Akakaa, akaanza habari za harusi iliyotangazwa kanisani, nani anaoa wapi na mahari imekwamia kwa mjomba gani. Nilimpenda sana dakika ile na nilijichukia, na bado sikubadilisha neno langu. Alikuwa ameusikia mwili wake mwenyewe kwa masikio yake, akauacha, akachukua neno langu. Mwenye shamba hakuwa amesema inatosha.

*

Tarehe kumi na sita ilikuwa asubuhi ya mwisho. Elinipa alikuwa ameshaanza kukunja nyaya za akiba. Kocha alikuwa nyuma ya Paskalina na pikipiki, nami nilikuwa nasikia mguu ukiwaka hatua baada ya hatua, huku nahesabu kilomita kama mtu anayehesabu vituo vya kufika nyumbani. Ilibaki moja na nusu, ya kushuka.

Ulipovunjika sikusikia mlio. Nilisikia robo ya uchungu wa mfupa unaokatika, na robo ile ilinitosha kunitupa kutoka kitandani mpaka sakafuni, bandeji yangu na yote. Lakini hilo silo. Jambo ninaloliota ni kwamba nilipokuwa hewani, kabla sijagusa sakafu, alikanyaga tena. Mguu wa kulia, mara ya pili. Halafu mara ya tatu, kabla mguu haujakunjika chini yake. Yeye alikuwa hajui. Alikuwa anashuka mlima kwa kasi nzuri kabisa, juu ya mfupa uliovunjika, kwa sababu sote tulikuwa tumekubaliana kwamba maumivu yake nitayatunza mimi.

Kitufe nilikibonyeza nikiwa chini, kwa kiganja, mara nyingi mno. Elinipa alikuja mbio akanikuta nalia na kutaja mguu wa kulia. Alidhani natetemeka kwa mshtuko, akanifunika blanketi.

Baadaye hospitali ya wilaya ilieleza. Ufa wa namna ile huanza mdogo kama unywele. Ukigunduliwa siku za mwanzo, mtu anapumzika kukimbia wiki sita, anafanya mazoezi mepesi ya kukaa, anarudi barabarani kama hakikutokea kitu. Ukivunjika na kukanyagwa, vipande vinasagana. Paskalina alitiwa vyuma. Angetembea vizuri, walisema, na pengine angekimbia kidogo kwa afya. Kwa mashindano, hapana.

Ofisa mmoja alikuja kuniuliza. Swali lilikuwa limeshachapwa kwenye karatasi: je, mlazwa alihisi dalili yoyote kabla ya tukio? Nikaweka alama kwenye hapana, nikasaini.

*

Arusha nilishika nafasi ya tatu. Kocha Tluway alinikumbatia, akasema hajawahi kuniona nikikimbia vizuri hivyo, hatua fupi zinazookota ardhi, mabega yametulia. Sikuwa nimekimbia hivyo maishani mwangu. Ule ulikuwa mwendo wa Paskalina. Mizunguko kumi na mitano ya kwanza tulivutwa na msichana mgeni, kisha akatoka njiani akainama ameshika magoti, na sisi tukapita. Nilimaliza mizunguko kumi iliyobaki nikilia, na watu wa redio wakasema ni furaha. Nafasi ile sinayo tena, na sitaki mtu aniulize kama inauma.

Nilichukua mwezi mzima kwenda kwao. Kila wiki nilikuwa na sababu. Mwisho nilikwenda asubuhi moja ya mwisho wa Juni, kwa miguu yangu yote miwili, na kila hatua niliionea haya.

Mama yake alikuwa barazani anachambua maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanishika mkono kwa mikono miwili kama siku zote, akanishukuru kwa kuja. Akaniambia kwa sauti ya chini nijaribu kuongea naye. Kijiji kizima kilikuwa kimejitolea, alisema, wasichana kumi na wawili wamejiandikisha kliniki kumkimbilia kwa pacha ili asizidi kudhoofu, na Paskalina amewakatalia wote. Hataki kusikia hata jina la nguo zile.

Nilimkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya gunia, vyuma vinatokeza kwenye ngozi. Mbele yake palikuwa na baiskeli ya marehemu baba yake imegeuzwa miguu juu, nayo aliizungusha pedeli kwa mikono, haraka, gurudumu linavuma. Kwenye mguu wa kiti alikuwa amefunga kipande cha mpira wa tairi la ndani, cha kuvuta kwa mguu mzima. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Alikuwa amekonda, ila mikono ilikuwa imeanza kujaa.

"Mia tatu na arobaini," alisema bila kusimama. "Kaa hapo. Nikifika mia tano nitakusalimia."

Nikakaa juu ya ndoo. Alipofika mia tano akaachia, akahema, akanisalimia, akaniambia habari zake kana kwamba tuliachana jana. Asubuhi mikono, mchana mpira, jioni anatembea na magongo mpaka kwenye kisima na kurudi. Unauma, alisema, kila kitu kinauma, na kila unapouma anasimama, anasubiri, anaanza tena. Alisema hivyo kwa aina ya fahari. Akarudisha mikono kwenye pedeli.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yakabaki mawili matatu.

"Nilisikia, Paska," nikasema. "Kabla hujavunjika. Nilisikia tangu siku ya kwanza."

Gurudumu liliendelea kuvuma. Nilidhani hakunisikia, nikawa najiandaa kurudia.

"Na ile Jumapili nilipokuuliza?" alisema.

"Nilikuwa nimeshasikia siku sita."

Akapunguza mwendo kidogo, kama anayebadilisha gia. Sikumwona akilia, wala hakuninyanyulia sauti. Nikaanza kusema haraka kwamba nitaandika kwa chama cha riadha, nitasema nilidanganya kwenye ile karatasi, kwamba kama kuna namna yoyote nafasi yangu Arusha—

"Andika," alinikatiza. "Hilo ni lako na chama. Usiniletee nafasi yako hapa kama kuku wa kumpa pole mfiwa."

Kutoka barazani tulisikia maharage yakimwagwa kwenye sufuria. Paskalina alizungusha mpaka akafika mia moja, akaacha, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Alipozungumza tena alikuwa anautazama mguu wake, hanitazami mimi.

"Yalikuwaje?"

"Nini?"

"Maumivu yangu. Mimi sikuyapata. Nimepata ya hospitali tu, baada ya kila kitu. Uliyapata wewe, unayajua. Nataka uniambie yalivyokuwa, siku kwa siku, na usipunguze."

Niliona afadhali angenipiga. Nilitaka kusema sikumbuki, lakini nilikumbuka kila hatua.

"Siku ya kwanza yalikuwa madogo," nikasema. "Kama mbegu ya nyasi imeingia kwenye soksi. Kila hatua ya kulia. Yalianza ulipoanza kupanda, yakakoma ulipofika tambarare."

"Ningesimama hapo," alisema.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mkimbiaji anavyomweleza kocha ni kwenye mzunguko upi mambo yalipoharibika. Nilimtazama usoni nikitafuta yule Paska wa kujikaza niliyemtengeneza kitandani, yule ambaye asingesimama hata angeambiwa, na hakuwepo. Palikuwa na mwanamke mwenye akili zake anayejua mbio, na ambaye angesimama. Siku zote tisa nilikuwa nimejificha nyuma ya mtu asiyekuwepo.

"Haya," alisema. "Siku ya pili."

Nikamwambia siku ya pili, jinsi yalivyoendelea mpaka tambarare. Ningesimama, alisema. Nikamwambia ya tatu, yalipoanza kubaki hata ulipomaliza kukimbia ukawa unatembea, na ya nne, nilipoanza kuuma mto. Ningesimama. Ningesimama. Ya tano, ya moyo na karatasi ya Elinipa. Ya sita. Nilipofika ile Jumapili nilijaribu kuiruka, akasubiri bila kunisaidia, mpaka nikaisema na yenyewe, na ya nane. Kila moja aliijibu kwa neno lilelile, kwa sauti ileile.

Nikamwambia ya tisa: kwamba alivunjika wakati anashuka, na akakanyaga tena mara mbili. Hapo hakusema angesimama. Alivuta kiti karibu na baiskeli, akashika pedeli, akaanza kuhesabu upya kutoka moja.